Mshauri wa Simuni na Mtu wa Kwenda Naye

Programu za akili mnemba zinazozungumza na watu zimeingia kwenye kazi iliyokuwa ya mzee wa ukoo, mchungaji, shehe, muuguzi na mwanasaikolojia: kumsikiliza mtu aliyeelemewa na kumsaidia kuona njia. Jijini Arusha na katika vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, kazi hiyo sasa inaweza kufanyika kitandani, saa nane za usiku, kwa bando la siku moja. Mwanafunzi wa Njiro aliyefeli mitihani, mama wa Usa River aliyeachiwa watoto, muongoza watalii ambaye wageni wake wamekatika tangu masika yaanze, kila mmoja anaweza kuiandikia mashine kwa Kiswahili ikamjibu kwa Kiswahili, papo hapo na kwa upole. Haichoki, haikunji uso, wala haitakutana naye kesho sokoni Kilombero.

Msaada unaozungumziwa hapa ni wa aina mbili. Wa kwanza ni ushauri nasaha pamoja na tiba ya mazungumzo, kwa ajili ya mtu mwenye maumivu ya moyo au ya akili: sonona, wasiwasi uliopitiliza, msiba usiopoa, kumbukumbu za ukatili. Wa pili ni ukocha, kwa ajili ya mtu ambaye si mgonjwa ila anataka kufika mahali fulani: kukuza biashara, kupunguza pombe, kukimbia marathoni, kubadili kazi. Mpaka kati ya aina hizo mbili ni mwembamba. Anayekuja kutafuta mbinu za biashara huweza, ndani ya nusu saa, kueleza kwamba hajalala vizuri tangu mkewe afariki.

Mjadala kuhusu mashine na binadamu katika kazi hii mara nyingi huanzia mahali pasipo sahihi. Mashine hulinganishwa na daktari bingwa aliyesomea magonjwa ya akili kwa miaka mingi, kana kwamba mkazi wa Ngaramtoni ana bingwa huyo mkono wa kulia na simu mkono wa kushoto. Sensa ya 2022 iliihesabia Tanzania watu milioni 61.7, na Jiji la Arusha peke yake watu 617,631. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili kwa nchi nzima bado wanahesabika kwa makumi. Ulinganisho wenye maana kwa watu wengi ni kati ya mashine na mtu wa kawaida aliyefundishwa kusikiliza: jirani, mhudumu wa afya wa kijiji, mzee wa kanisa, mwalimu wa malezi. Ushahidi kuhusu kazi ya watu hao upo, umetoka Afrika, na uzito wake haujulikani vya kutosha.

Mashine ya kwanza ya namna hii si ya juzi. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, wa chuo cha MIT nchini Marekani, alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Mfumo wake maarufu uliiga washauri wanaofuata mafundisho ya mwanasaikolojia Carl Rogers, ambao humrudishia mteja maneno yake kwa njia ya swali. Mtu akiandika kwamba mama yake anamhuzunisha, programu ilimwomba aeleze zaidi kuhusu familia yake. Haikuelewa lolote, ilitafuta maneno fulani ndani ya sentensi na kuyageuza. Hata hivyo katibu muhtasi wa Weizenbaum, ambaye alijua vizuri kwamba ile ni programu tu, baada ya kuzungumza nayo kidogo alimwomba bosi wake atoke chumbani. Jambo hilo lilimtikisa Weizenbaum. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1976 alionya kwamba zipo kazi ambazo kompyuta haifai kukabidhiwa hata ikiwa na uwezo wa kuzifanya, na miongoni mwake ni zile zinazodai mtu kuheshimiwa na kuonewa huruma. Onyo hilo lilihusu binadamu zaidi: mwenye kiu ya kusikilizwa hufungua moyo mbele ya chochote kinachoonekana kusikiliza.

Programu za leo, kama ChatGPT iliyotolewa Novemba 30, 2022, hufanya kazi kwa njia nyingine. Husomeshwa maandishi mengi mno, na kutokana nayo hujifunza neno lipi lina nafasi kubwa ya kulifuata jingine. Baadaye watu hupewa majibu yake wayapime. Jibu linalopendwa hutiwa nguvu, lisilopendwa hufifishwa. Upole wake unatoka hapo, na kasoro yake kubwa inatoka hapo hapo. Mashine iliyofunzwa kupendwa huelekea kukubaliana na anayezungumza nayo. Aprili 2025 kampuni ya OpenAI iliondoa toleo jipya la programu yake siku chache tu baada ya kulitoa, kwa kuwa lilikuwa likiwasifu na kuwaunga mkono watumiaji kupita kiasi. Mshauri mzuri kuna siku humwambia mteja jambo asilotaka kulisikia, na hulisema kwa kuwa ameshamjua na ameona kwamba wakati wake umefika.

Pamoja na hayo, kusema kwamba mashine haisaidii kabisa si haki. Mwaka 2017 utafiti mdogo wa vijana 70 nchini Marekani ulionyesha kwamba waliozungumza na programu iitwayo Woebot kwa wiki mbili walipungukiwa na dalili za sonona kuliko wenzao waliopewa kitabu cha kielektroniki. Machi 2025 watafiti wa chuo cha Dartmouth walitangaza matokeo ya programu yao, Therabot, iliyojaribiwa kwa watu wazima 210. Kwa wagonjwa wa sonona walioitumia, dalili zilipungua kwa wastani wa asilimia 51. Hayo ni matokeo makubwa, lakini yanataka kusomwa kwa makini. Therabot iliundwa na wataalamu wa tiba kwa kazi hiyo tu, na katika jaribio zima watu walikuwa wakiyafuatilia mazungumzo ili waingilie kati ikihitajika. Kundi la kulinganisha lilikuwa la watu wanaosubiri zamu yao, si la watu wanaohudumiwa na mshauri. Kilichothibitishwa ni kwamba mashine nzuri inayosimamiwa ni bora kuliko kukosa msaada. Programu ya jumla, inayoandika barua za kuomba kazi asubuhi na kutuliza msiba jioni, haikuwamo kwenye jaribio hilo. Woebot yenyewe ilifungwa kwa umma Juni 30, 2025.

Sababu za mtu wa Arusha kuikimbilia simu zinaeleweka. Ya kwanza ni siri. Jiji limekua, lakini mtu bado anajulikana kwa ukoo, kwa usharika na kwa mtaa. Mshauri anayeweza kumwendea huenda ni shemeji wa jirani yake. Kukaa kwenye foleni ya kitengo cha afya ya akili ni kuonekana. Wanaume wengi wamelelewa wakiambiwa kwamba kulia ni kwa watoto. Ya pili ni saa: wasiwasi huzidi usiku, wakati ofisi zimefungwa na watu wamelala. Ya tatu ni nauli na posho ya siku iliyopotea.

Ipo sababu ya nne, nayo ni ya kisheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha aina hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba. Sheria ya namna hii huwafunga watu midomo mbele ya muuguzi na askari, ambao ndio wangeweza kuwaokoa, na kuwasukuma kwenye mazungumzo na simu, mahali pasipo na mtu wa kuinuka na kwenda kugonga mlango. Oktoba 2025 OpenAI ilieleza kwamba katika wiki moja, takriban asilimia 0.15 ya watumiaji wa ChatGPT huwa na mazungumzo yenye dalili za wazi za mpango au nia ya kujiua. Kwa programu iliyokuwa na watumiaji zaidi ya milioni 800 kwa wiki, hao ni watu zaidi ya milioni moja. Miezi miwili kabla, wazazi wa mvulana wa miaka 16 wa California aliyejiua walikuwa wameishitaki kampuni hiyo, na kampuni ikakiri kwamba kinga zake hulegea mazungumzo yanaporefuka. Mazungumzo marefu ndiyo hasa anayoyahitaji mtu aliye katika hali hiyo.

Makosa hutokea hata kwenye programu zenye nia njema. Mwaka 2023 shirika moja la Marekani linalowasaidia watu wenye matatizo ya ulaji lilitangaza kuifunga huduma yake ya simu iliyokuwa ikihudumiwa na watu na kubaki na programu iliyoitwa Tessa. Muda si mrefu baadaye, Tessa ilikutwa ikiwapa mbinu za kupunguza uzito watu ambao ugonjwa wao ni kujinyima chakula. Ikaondolewa.

Tofauti kati ya mashine na mtu huonekana vizuri zaidi kwenye jambo la kawaida la mjini. Kijana wa Unga Limited anaendesha pikipiki ya mkataba: kila siku anapeleka hesabu kwa tajiri, na mkataba ukiisha pikipiki inakuwa yake. Mvua imenyesha wiki mbili, abiria wamepungua, hesabu imelala, tajiri ametishia kuchukua chombo chake, na kijana halali wala hali. Akiieleza mashine, itampa pole kwa maneno mazuri, itamfundisha kupumua taratibu, itamshauri ayaandike mawazo yake, aongee na tajiri kwa uwazi na amwone mtaalamu. Ushauri huo si mbaya. Akimweleza mwenyekiti wa kijiwe chake, huenda akaambiwa: “Mdogo wangu, jioni twende kwa tajiri. Mimi ndiye nitakayeanza kuongea.” Mwenyekiti anamjua tajiri, anajua kwamba kuna kijana mwingine aliyewahi kusogezewa siku, na akisimama pale mlangoni analiweka jina lake rehani. Deni likigawanywa kwa wiki sita, usingizi unarudi bila mtu kutaja neno saikolojia.

Mateso mengi yana mzizi nje ya kichwa cha mtu: deni, mpaka wa shamba, ndoa, mahari, kazi iliyoisha. Mazungumzo ya faragha hutuliza moyo na kuuacha mzizi pale pale. Mtu anaweza kufuatana na mwenzake, na hilo mashine hailiwezi.

Waarusha walikuwa na utaratibu wao wa kufuatana, nao umeandikwa. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver aliufanyia utafiti katika miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu mwaka 1963. Alikuta jamii ya wakulima wa miteremko ya Meru iliyomaliza sehemu kubwa ya migogoro yake bila hakimu. Mwenye shauri hakwenda peke yake. Alikwenda na watu wa ukoo wake au wa rika lake, na mbele yao akiwapo laigwanani, msemaji aliyeaminiwa kwa busara na ulimi wake. Pande mbili zilikaa mkabala, zikaeleza, zikabishana. Mambo yalipokwama, kundi moja lilijitenga pembeni, likazungumza na mtu wao, na huko ndiko alikoweza kuambiwa kwamba madai yake yamezidi na ashuke. Kisha wakarudi. Hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kutoa hukumu. Shauri liliisha pale pande mbili zilipokubaliana. Kwa Wameru, upande wa mashariki wa mlima, washili wa koo wamefanya kazi ya jirani na hiyo.

Kinachostahili kuangaliwa ni yale maongezi ya pembeni. Watu waliosimama na mwenye shauri mbele za watu ndio hao hao waliomkosoa faraghani, na alikubali kukosolewa kwa kuwa alikuwa amewaona wakimtetea. Kuungwa mkono na kurekebishwa vilikaa kwa mtu mmoja. Programu iliyofunzwa kuridhisha ina nusu ya kwanza tu, na hata hiyo haijailipia chochote.

Baraza la wazee nalo lina upungufu wake, na kuufunika ni kuwadhulumu walioumizwa nalo. Sauti za wanawake na vijana hazikupewa uzito sawa. Mke aliyepigwa ameambiwa avumilie kwa ajili ya watoto. Binti aliyebakwa ameona shauri lake likimalizwa kwa mazungumzo ya koo mbili ili jina la familia lisichafuke. Mgonjwa wa akili ameombewa miezi mingi huku dawa ikichelewa. Siri iliyosemwa Jumatatu imesikika kwenye mabomba ya maji Jumatano. Kwa mwanamke aliyepigwa, mashine inayomwambia waziwazi kwamba kupigwa ni kosa la jinai, na kwamba polisi kuna dawati la jinsia na watoto, imemtendea jema ambalo baraza halikumtendea. Dawati lenyewe, hata hivyo, lina mtu.

Arusha inajua pia ushauri wa majeraha makubwa kuliko ya deni. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa kwa Azimio namba 955 la Novemba 1994, ilikaa jijini humo mpaka ilipofungwa Desemba 31, 2015. Mashahidi walionusurika mauaji ya kimbari walisafirishwa mpaka Arusha kusimulia walichotendewa, wengine kuhusu ubakaji, mbele ya mawakili wa watuhumiwa. Kanuni ya 34 ya mahakama hiyo iliagiza mashahidi wapewe msaada wa kimwili na wa kisaikolojia, hasa ushauri nasaha kwa waliobakwa. Hukumu dhidi ya Jean-Paul Akayesu, Septemba 2, 1998, iliyotambua kwa mara ya kwanza kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari, ilisimama juu ya ushahidi wa wanawake hao. Kusimulia jeraha la namna hiyo kunaweza kuponya na kunaweza kulifungua upya. Anayesikiliza hutazama mikono inayoanza kutetemeka, pumzi inayokatika, macho yanayohama. Hujua sasa ni wakati wa kunyamaza, wa maji, wa kuahirisha mpaka kesho. Mashine ya maandishi hupokea sentensi peke yake, na mtu anayeweweseka huweza kuandika sentensi zilizonyooka.

Jiji linajua pia msiba wa wengi. Mei 6, 2017 basi la Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Rhotia, wilayani Karatu. Walifariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walinusurika na kupelekwa kutibiwa Iowa, Marekani. Siku mbili baadaye maelfu ya watu walijaa Uwanja wa Sheikh Amri Abeid kuaga miili. Kilichofuata kwenye nyumba za wafiwa ni kile kinachofuata katika kila msiba: majirani walioleta mahindi, maharage na kuni, wanawake waliolala chini pamoja na mama aliyefiwa, wanaume waliokaa nje bila la kusema. Sehemu kubwa ya faraja hiyo haina maneno. Mashine haiwezi kukaa kimya na mtu; isipoandikiwa, haipo. Watoa huduma wa tiba shufaa wa Hospitali ya Selian, wanaowatembelea majumbani wagonjwa wasio na matumaini ya kupona, hufanya kazi kubwa kwa kufika tu.

Swali linalobaki ni kama mtu wa kawaida, asiye daktari wala mzee wa ukoo, anaweza kufundishwa akafanya kazi hii kwa ubora unaopimika. Tanzania iliwahi kujifunza hilo kwenye UKIMWI: vituo vya ANGAZA, vilivyoanzishwa na AMREF mwaka 2001, viliwapa maelfu ya watu ushauri kabla na baada ya kupima, na waliowahudumia walikuwa washauri waliofundishwa kwa kazi hiyo.

Kwa sonona, ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka kwanza Uganda. Katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, watafiti waliwachukua watu wa hapo hapo, wakawafundisha kwa wiki mbili kuendesha vikundi vya mazungumzo, na vikundi vikakutana kila wiki kwa wiki 16. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Miongoni mwa waliohudhuria vikundi, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5, katika vijiji vya kulinganisha walikuwa asilimia 54.7.

Zimbabwe ilifuata kwa njia nyingine. Daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 katika kitongoji cha Mbare, jijini Harare, na mabibi 14. Walikaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Bibi hapewi orodha ya magonjwa ya kukariri. Humsikiliza mgeni mpaka matatizo yake yote yamwagike, humsaidia achague moja tu linaloweza kushughulikiwa, kisha wawili hao hupanga hatua ndogo ya kufanywa kabla ya kukutana tena. Jaribio la watu 573 lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba baada ya miezi sita, takriban asilimia 14 ya waliokaa na mabibi bado walikuwa na dalili za sonona, dhidi ya takriban asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limefika pia Zanzibar. Hakuna jambo katika maelezo hayo ambalo haliwezi kufanyika nje ya zahanati ya Tengeru au Mbauda. Mabibi wapo, mabenchi yapo.

Upande wa ukocha, mashine ina nafasi kubwa zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya ukocha ni kupanga, kukumbusha na kupima. Arusha ni mji wa wakimbiaji. Mwinuko wake, takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na zaidi kadiri mtu anavyopanda kuelekea Meru, umewalea wengi. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida anayefanyia mazoezi Arusha, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia Tokyo mnamo Septemba 2025 kwa saa 2:09:48, muda ule ule aliopewa Mjerumani Amanal Petros, tofauti yao ikiwa sehemu ya sekunde. Saa ya mkononi inaweza kumpangia mkimbiaji kilomita za wiki na kuhesabu mapigo ya moyo wake. Kocha anayesimama kando ya barabara ya vumbi anaona bega lililoinama, anajua kwamba kijana huyu amekula ugali mkavu tangu juzi, na anamwambia leo apumzike ilhali saa inamtaka akimbie. Vivyo hivyo kwa mjasiriamali: programu itamwandikia mpango wa biashara, ila si yenyewe itakayomdhamini kwenye kikundi cha kukopeshana.

Kuna gharama ya upole wa mashine ambayo Afrika Mashariki imeilipa. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi, wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa, ndio waliosoma na kuweka alama maandishi ya ubakaji, mateso na kujiua ili ChatGPT ifundishwe kuyakwepa. Baadhi yao walieleza kwamba kazi hiyo iliwajeruhi akili na kwamba msaada wa kisaikolojia waliopewa haukutosha. Mtu anayepokea jibu la upole saa nane za usiku hanong'onezwi kwamba upole huo umesafishwa na vijana waliokosa wa kuwasikiliza.

Suala la siri nalo linataka ukweli. Anayeiambia simu jambo lake hajaliweka moyoni mwa mtu, ila amelipeleka kwenye kompyuta za kampuni ya ng'ambo. Mkuu wa OpenAI, Sam Altman, alisema mwenyewe Julai 2025 kwamba mazungumzo hayo hayana kinga ya kisheria kama yale ya mgonjwa na daktari. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za afya zimo katika kundi la taarifa nyeti. Hata hivyo hatari ya karibu zaidi iko nyumbani: simu moja hutumiwa na mume, mke na watoto, na mazungumzo yote hubaki humo yakisubiri kusomwa. Na wapo wasioguswa na mjadala huu kabisa, wale wenye kitochi, ambao programu hizi hazifunguki kwao.

Kiswahili cha mashine kimekuwa kizuri, ila ni Kiswahili cha vitabu na magazeti. Mazungumzo ya vijana wa Chuga, jina la mtaani la Arusha, yanayochanganya Kimaasai, Kiingereza na maneno yaliyozaliwa wiki iliyopita, huipita pembeni, na katika mambo ya uhai neno moja lililopotea ni kubwa. Ndiyo sababu kazi ya shirika la Jacaranda Health la Kenya inafaa kutazamwa. Huduma yao ya PROMPTS hupokea maswali ya wajawazito kwa ujumbe mfupi wa kawaida, hata kutoka simu ndogo. Akili mnemba huyasoma, huyapanga kwa uzito, na yale ya hatari huyapeleka mbele kwa watoa huduma wa dawati la msaada, ambao ni binadamu. Mwaka 2023 walitoa UlizaLlama, programu ya lugha iliyofunzwa kwa Kiswahili. Hapo mashine imepewa kazi inayoiweza, nayo ni kupanga foleni, na mtu amebaki na kazi yake.

Utaratibu huo ndio unaoifaa Arusha. Mashine ifundishe watu dalili za sonona, ikumbushe tarehe za kliniki, imsindikize usiku asiye na usingizi, na ikisikia habari ya kujiua imkabidhi mtu mara moja. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 kwa miaka mitano. Wapewe wiki mbili za kujifunza kusikiliza, kama walivyopewa watu wa Masaka na Rakai, na Tanzania itakuwa na mshauri katika kila kitongoji kabla ya kuwa na simu janja katika kila nyumba. Kifungu cha 217 nacho kiondolewe, ili anayetaka kufa aweze kumwambia mtu.

Kwa sasa, mwenye ndugu anayezungumza habari za kujiua asimwachie simu. Akae naye, aondoe karibu naye dawa za kupulizia mashamba, amfikishe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru au kituo cha afya kilicho karibu. Namba 199 ya Wizara ya Afya na namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo.